Utawa, klausura na ugo: tuuite nini mlango usiopitwa na wageni?

Swali. Mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Masaka anaandika: "Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kutembelea monasteri. Mlinda mlango alitupokea vizuri na tukasali kanisani, lakini tulipofika kwenye mlango mmoja akasema hapo ndipo klausura inapoanza, wageni hawapiti. Sasa wanafunzi wanaandika ripoti kwa Kiswahili na kila mmoja ana neno lake: kifungo, faragha, itikafu, utawa. Klausura maana yake nini hasa, na limetoka wapi? Kiswahili hakina neno lake? Na kama neno hilo ni utawa, mbona masista wanaofundisha hapa shuleni nao tunawaita watawa, na kila siku tunakutana nao sokoni? Mwisho, monasteri imetuomba tuwaandikie kibao cha Kiswahili cha mlango huo. Tuandike nini?"

Jibu. Nianze na hilo la masista wa sokoni, Mwalimu, kwa sababu likishatatuliwa mengine yanafuata yenyewe.

Kiswahili kina neno lake. Ni kitenzi kutawa, na watu wa pwani walikuwa nacho kabla ya masista na mabruda wa Kikatoliki kuitwa kwa jina hilo. Maana yake ya msingi ni kukaa ndani: kutoonekana barabarani, kutotoka ovyo, kuishi nyuma ya mlango. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inakieleza kwa maana hiyo ya kukaa ndani na kuishi kwa kujitenga. Kutokana nacho tunapata mtawa, kama mganga anavyotokana na kuganga na mgema na kugema. Tunapata utawa, yaani hali ya kutawa. Tunapata kitawa, kama tunaposema maisha ya kitawa au shirika la kitawa. Na tunapata kutawisha, yaani kumfanya mwingine atawe. Hilo la mwisho siku hizi halisikiki sana, lakini liweke akilini, maana nitalirudia.

Ili wanafunzi waone neno lilivyoishi, waeleze nyumba za mawe za Lamu. Mgeni wa kiume aliishia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Chumba cha mwisho kabisa, mbali na njia, kiliitwa ndani, na ndicho kilichokuwa cha wanawake. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kama daraja, ili mwanamke amfikie jirani yake bila kukanyaga njia ya umma. Alipolazimika kushuka njiani alifunikwa kwa shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichobebwa na watumishi huku yeye akitembea katikati. Buibui lilikuja baadaye. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa ametawa, na utawa wake ulikuwa alama ya uungwana wa nyumba yake. Wanafunzi wasifichwe upande wa pili: ili mmoja atawe, ilibidi wengine waende kisimani na sokoni kwa niaba yake, na hao walikuwa watumwa. Kwa hiyo utawa wa zamani ulikuwa suala la heshima na la tabaka kwanza, ndipo ukawa la ibada.

Ulifikaje kwenye ibada? Anayekaa ndani hudhaniwa anasali, anajizuia, anamcha Mungu, na pole pole sifa ikalishinda jambo lenyewe. Ushahidi mzuri uko katika Biblia ya Kiswahili ambayo wanafunzi wako wengi wanayo nyumbani. Katika Matendo ya Mitume 10:2 tafsiri ya Union inamwita Kornelio "mtauwa", na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo neno "utauwa" limetumika kwa Kigiriki eusebeia, yaani uchaji wa Mungu. Mtauwa na mtawa ni neno lile lile kwa matamshi mawili. Sasa mtazame Kornelio mwenyewe: akida wa jeshi la Roma, mwenye nyumba, jamaa na askari chini yake. Hakukaa ndani hata kidogo. Maana ya kujitenga ilikwisha kuondoka, ukabaki uchaji peke yake.

Wakatoliki nao walipotafuta jina la mtu aliyeweka nadhiri za ufukara, useja na utii, walichukua hilo hilo, mtawa. Hapo ndipo penye tatizo lako. Mashirika ya masista na mabruda yaliyoota mizizi Uganda tangu mwanzo yalikuwa ya kazi za nje. Masista Weupe walifika mwaka 1899. Bannabikira wa Bwanda walianza mwaka 1910, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko wa Nkokonjeru mwaka 1923, Bannakaroli wa Kiteredde mwaka 1927. Hao wanafundisha, wanauguza, wanalima, wanapanda boda boda kwenda vijijini. Ni watawa kwa nadhiri, na si watawa kwa kukaa ndani. Wale mliowatembelea ni watawa kwa maana zote mbili.

Na hapa Uganda jambo lina nyongeza yake tamu. Luganda haikuchukua mtawa. Ilichukua neno jingine la Kiswahili, bikira, lenye asili ya Kiarabu, na ndiyo maana masista wanaitwa babiikira. Kwa watawa wote kwa jumla, wanawake na wanaume, watu husema bannaddiini, ambamo kuna dini, nalo la Kiarabu lililopitia pwani. Mwanafunzi anayewaza kwa Luganda akaandika Kiswahili hana njia ya kuhisi "kukaa ndani" katika neno mtawa, kwa sababu lugha yake imewataja watu hao kwa ubikira na kwa dini. Asilaumiwe. Afundishwe.

Pendekezo langu ni kwamba mnaposema juu ya wale wa monasteri, semeni watawa wa ndani. Usemi huo tayari unatumika kanisani na unaeleweka bila maelezo. Kitenzi nacho kirudisheni darasani, kwa kiambishi -me-, kwa sababu kinaeleza hali, kama amelala au amesimama: "Ametawa miaka 20 sasa." Anayesema "anatawa" anataja zoea au mwanzo wa jambo, na mara nyingi hicho si anachokusudia. Jina utawa liko katika ngeli ya U, halina wingi: utawa wake, utawa mkali. Hakikisheni pia herufi, maana jicho lenye haraka husoma utawala. Kutawala na kutawadha ni maneno ya Kiarabu yenye mizizi tofauti, na tawa la kuchomea chapati limetoka India. Hakuna hata moja lenye undugu na utawa.

Sasa klausura.

Ni neno la Kilatini, clausura, kutoka kitenzi claudere, kufunga. Katika ukoo huo kuna claustrum, ambalo kwanza lilikuwa komeo au kizuizi cha mlango, kisha likawa mahali palipofungwa. Wataalamu wa lugha wanaliunganisha na clavis, ufunguo, na clavus, msumari. Mzizi wao wa pamoja ulihusu kijiti au kulabu ya kushikilia mlango, kabla ya kufuli za chuma. Kwa hiyo Kilatini kilianza na mlango. Kiswahili kilianza na mtu anayekaa. Naona tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu naipenda tafsiri isiyovunja utawa ili kumpisha klausura.

Claustrum lilizaa watoto wengi Ulaya. Kijerumani kina Kloster, monasteri, na Klausur, ambalo lina maana ya uzio wa watawa lakini pia mtihani wa kuandika, kwa kuwa mtahiniwa hufungiwa chumbani. Kifaransa kina cloître kwa jengo na clôture kwa sheria ya kufunga. Kiitalia kina chiostro na clausura, na kutoka mazingira ya Roma ndiko neno lako limefika hadi kwa mlinda mlango wa Masaka. Wanafunzi wanalijua tayari neno moja la ukoo huo bila kujua: konklave, mkutano wa makardinali uliomchagua Papa Leo wa 14 Mei 2025. Ni cum na clavis, chumba kinachofungwa kwa ufunguo.

Lakini desturi yenyewe ni kongwe kuliko neno. Ilianzia Misri, na kwa Kigiriki. Kulikuwa na neno anachoresis, kuondoka na kwenda kando, ambalo katika karatasi za serikali za Misri lilihusu wakulima waliotoroka vijiji vyao kwa kushindwa kodi. Wakristo waliokwenda jangwani kusali wakaitwa kwa jina hilo hilo, na huko ndiko lilikotoka jina la mkaapweke katika lugha nyingi za Ulaya. Monachos, kutoka monos, peke yake, limo katika hati ya mafunjo ya kijiji cha Karanis ya mwaka 324, likimtaja mtu kama cheo chake cha kawaida. Ndilo lililotupa mmonaki, yaani mtawa wa monasterini, na monasteri yenyewe. Karibu na wakati huo, kwenye mwaka 320 hivi, Pakomi alianzisha Tabennisi jumuiya ya watu waliojitenga na dunia lakini wakaishi pamoja. Jumuiya zake zilizungushiwa ukuta mmoja wenye lango na mlinda lango. Hapo ndipo ukuta ulipoingia katika habari hii. Mkaapweke wa jangwani hauhitaji, kwa sababu jangwa lenyewe ni ukuta. Watu wengi wakiishi pamoja karibu na vijiji, wanauhitaji.

Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, ndiyo inayotumiwa hadi leo na mashirika ya Wabenedikto na Watrapisti. Mwishoni mwa sura ya 4 inasema kwamba karakana ya kazi yote ya kiroho ni claustra za monasteri pamoja na kudumu katika jumuiya. Ona zinavyokwenda sambamba: uzio na kudumu. Sura ya 66 inaeleza namna ya kufanya: maji, kinu na bustani viwe ndani, ili wamonaki wasipate sababu ya kuzurura nje. Ni ushauri wa fundi hasa. Mahali pasipo maji ndani ya uzio, uzio huvunjika wenyewe, kwa sababu kila asubuhi mtu lazima atoke na mtungi. Sura hiyo hiyo inataka langoni akae mzee mwenye busara, na mtu akibisha hodi aitikie kwa kumshukuru Mungu. Na sura ya 53 inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Mlivyopokelewa, mkakaribishwa kanisani, kisha mkazuiwa mlangoni, kote huko ni Kanuni ile ile inayotimizwa. Wanafunzi wengi hudhani makaribisho na mlango uliofungwa vinapingana. Nyumba ya wageni iko pale ili mgeni apewe haki yake bila watawa kupoteza kimya chao.

Kwa wanawake mambo yalikazwa zaidi, na hapa sitaki kupita haraka. Askofu Sesari wa Arles, mwanzoni mwa karne ya 6, aliwaandikia mabikira kanuni iliyowataka wasitoke monasterini mpaka kufa. Mwaka 1298 Papa Bonifasi wa 8 alitoa amri iitwayo Periculoso, akiwafungia wamonaki wa kike wote popote walipo, wawe wa shirika gani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliirudia mwaka 1563, na Papa Pio wa 5 akaikaza tena mwaka 1566. Wanaume hawakuwekewa sheria nzito kiasi hicho. Kwa karne nyingi zilizofuata, mwanamke aliyetaka kuweka nadhiri kuu na kuhudumia wagonjwa mitaani alikuwa na njia finyu sana, na familia za matajiri wa Ulaya wakati mwingine ziliwapeleka monasterini mabinti ambao hawakuombwa ridhaa yao. Kiswahili kina kitenzi chenye kusema ukweli huo kwa neno moja: hao hawakutawa, walitawishwa. Ndiyo sababu nilikuomba ulihifadhi.

Sheria ya leo imelilenga jambo hilo moja kwa moja. Kwa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, nadhiri zilizowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila ni batili. Mtu hawezi kupokelewa unovisi, yaani malezi ya kabla ya nadhiri, kabla ya kutimiza miaka 17, nadhiri za muda hazikubaliki kabla ya miaka 18, na za daima kabla ya 21. Kwa watawa wa ndani wa kike, maagizo ya Vatikano ya Aprili 2018 yaliongeza muda wa malezi: angalau miaka 9 tangu kuingia mpaka nadhiri za daima, isizidi 12. Mwaka mmoja au zaidi wa utambuzi, mwaka mmoja au zaidi wa upostulanti, yaani hatua ya kabla ya unovisi, miaka 2 ya unovisi, miaka 5 ya nadhiri za muda. Katika kipindi hicho chote mlango unafunguka kwa upande wa kutoka. Mwanafunzi aliyeandika "kifungo" asome aya hii kabla ya kusahihisha. Kifungo hutolewa na hakimu, kina tarehe ya mwisho, na aliyefungwa hana ufunguo. Utawa huchaguliwa, huombwa mara kadhaa mbele ya mashahidi, na ufunguo uko upande wa ndani.

Kanuni ya 667 ya mkusanyo huo ndiyo inayosimamia klausura yenyewe, na ngazi zake zinaeleza kwa nini mambo yanatofautiana kati ya nyumba na nyumba. Ngazi ya kawaida ipo katika kila nyumba ya watawa, hata ile ya masista wenu wa shuleni: kuna sehemu, kwa kawaida vyumba vya kulala na ukumbi wao, ambayo ni ya wanajumuiya peke yao. Kwa hiyo nao wana klausura, ila ni nyepesi. Monasteri za maisha ya sala zina iliyo kali zaidi. Na kwa wamonaki wa kike waliojitoa kwa sala peke yake kuna ya kipapa, inayofuata kanuni zilizowekwa na Roma, huku monasteri nyingine za kike zikifuata iliyoandikwa katika katiba yao. Askofu wa jimbo anaweza kuingia kwa sababu ya haki. Daktari na fundi bomba huingia, bila shaka, na mtawa mgonjwa hupelekwa hospitali. Mkusanyo wa zamani wa mwaka 1917 uliwaruhusu hata wakuu wa nchi na wake zao.

Kwa hapa Uganda, mifano ya kuwatajia wanafunzi ni Watrapisti. Wanawake wako Butende, jimbo la Masaka. Wanaume wako Kijonjo, jimbo hilo hilo, na historia yao inafaa kusimuliwa darasani. Abasia yao, yaani monasteri yao, ya Bikira Maria wa Viktoria ilianzishwa Kenya mwaka 1956, eneo la Lumbwa, yaani Kipkelion, na wamonaki kutoka Tilburg, Uholanzi. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaondoa, na mwaka 2008 wakahamia Uganda. Uzio ulibaki nyuma, jumuiya ikaja. Rudi kwenye sura ya 4 ya Benedikto utaona kwamba kudumu kulitajwa kuwa ni katika jumuiya. Ukitaka Wabenedikto, wapo Tororo, ingawa hao ni wamisionari na nyumba zao huchanganya sala ya pamoja na kazi za nje.

Jengo nalo lina msamiati wake. Ua wa mraba ulio katikati ya monasteri, wenye vibaraza vyenye paa pande zote nne, ndio uliochukua jina claustrum kwa maana ya jengo. Katika ramani ya St. Gallen, Uswisi, iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 9, ua huo tayari umekamilika: kanisa upande mmoja, bweni, chumba cha kulia na ghala pande nyingine. Ulaya ya kaskazini walipenda kuuweka kusini mwa kanisa ili kanisa refu lisiuzibie jua. Sisi tulio hatua chache kutoka mstari wa ikweta pale Kayabwe, jua linapita utosini, sababu hiyo haipo, na anayejenga Masaka anaweza kuuweka popote mteremko na mvua vinaporuhusu. Kwa Kiswahili msiandike "kloista". Andikeni ua wa ndani wenye vibaraza. Chumba kidogo cha mtawa, ambacho Kilatini kinakiita cella, kisiandikwe seli, maana kwa msomaji wa Uganda seli ni ya polisi. Chumba cha mtawa kinatosha. Na konventi iachiwe nyumba za masista wa kazi za nje. Kwa asili conventus ni kukutana, watu kuja pamoja, na neno hilo halina habari ya kujitenga kabisa.

Maneno mengine ya wanafunzi wako nayapima hivi. Faragha ni zuri lakini ni pana mno. Asili yake ya Kiarabu ni utupu, nafasi iliyo wazi, na watu wawili wakitaka kuzungumza pembeni wanatafuta faragha. Mtawa ana faragha, lakini faragha si maisha yake. Itikafu msilichukue. Ni ibada ya Waislamu yenye masharti yake: kukaa msikitini kwa nia, hasa katika siku 10 za mwisho za Ramadhani, kisha mtu anarudi nyumbani kwake. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kushikamana na mahali, na kwa maana hiyo linakaribia sana kudumu kwa Benedikto, lakini kumpa mmonaki itikafu ni kuwachanganya Waislamu na Wakristo wote wawili. Eda nayo ina muda wake, miezi 4 na siku 10 kwa mjane, na sababu yake ni nyingine. Kuwekwa ndani kwa mwali ni kumtayarisha atoke akiwa mtu mzima, yaani kunaelekea nje tangu siku ya kwanza. Kuna pia ruhubani, la Kiarabu, ambalo mtapata katika kamusi kwa maana ya mmonaki. Kwa Kiarabu ni wingi wa rahib, mtu mwenye hofu ya Mungu, ila Kiswahili kililipokea kama umoja. Ni neno halali. Wasomaji wa leo wachache watalielewa, kwa hiyo mmonaki lina faida zaidi.

Linabaki la mpaka wenyewe, ule mlango. Hapa utawa hautoshi, kwa sababu utawa ni hali ya mtu, nanyi mnataka jina la mahali. Kiswahili kina ugo: uzio unaozunguka makazi, na pia eneo lililomo. Nalipendelea kuliko ua, kwa kuwa ua ni pia uwanja wa nyuma na pia la maua, na kuliko ukuta, kwa kuwa ukuta hauna ndani. Darasani mna msaada mkubwa ulio tayari: ekisaakaate, uzio wa matete wa ikulu na wa machifu wa Buganda, ambalo linataja uzio na pia maisha na malezi yaliyomo ndani yake. Mtoto wa Masaka akiambiwa kwamba ugo wa watawa ni kama ekisaakaate kwa kuwa una lango, mlinzi na adabu ya kuingia, ameelewa nusu ya somo. Aliyefika Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, anakumbuka pia pazia la magome ya miti ndani ya nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, na kwamba nyuma yake, panapoitwa kibira, mgeni haendi. Dini ni tofauti na sababu ni tofauti, lakini wazo la mahali panapolindwa kwa heshima bila kuwa gereza si geni hapa.

Klausura litumike linapohusu sheria tu: "klausura ya kipapa", "kanuni za klausura". Herufi zake ziandikwe zote kama zinavyotamkwa, kla-u-su-ra, na msiliweke katika sentensi ya kawaida pale ugo au utawa ungetosha. Sentensi ya ripoti ingeweza kuwa hivi: "Watawa wa ndani wa monasteri hii wametawa kwa hiari. Wageni hukaribishwa kanisani na katika nyumba ya wageni, lakini hawaingii ndani ya ugo."

Na kibao. Epukeni "Hairuhusiwi kuingia", ambayo ni lugha ya kituo cha umeme, na epukeni "Faragha", ambayo itawafanya watu wadhani ni choo au ofisi. Epukeni pia kumwachia mgeni kazi ya kukisia aende wapi badala yake, maana anayezuiwa bila kuelekezwa hujaribu mlango unaofuata. Mistari mitatu inatosha, kwa herufi zinazosomeka hatua 5 kutoka mlangoni, na kengele iwe upande ule ule wa kibao:

Ugo wa watawa.
Tafadhali usipite hapa.
Ukihitaji msaada, piga kengele.